UZI: Kiwanda cha nyumba ya mama kimekamilika kaskazi hii, na hatimaye tumekula usiku Shela

#1 Mwenye uzi (Mkomani, Lamu)

Assalam alaykum, wadau. Msimu huu wa upepo wa kaskazi nyumba ya mama imepata kiwanda upya, na mimi na mume wangu tumekula Shela, kijiji cha jirani kisiwani hapa, kile chakula cha usiku nilichokingoja tangu 2020. Mambo haya mawili yamefungamana, ndiyo maana nayaandika pamoja.

Wasio wa Lamu wajue kwamba kiwanda huku kwetu ni ule uwazi wa ndani ya nyumba, usio na paa, uliozungukwa na vyumba. Unaingia kwa daka, yaani baraza la mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa ndani, unakunja kona ili aliye nje asione ndani, ndipo unatokea kiwandani. Mwangaza wa chini na upepo vyote vinaingilia hapo. Kiwanda kikifa, nyumba nzima inakuwa giza na fukuto.

Chetu kilikuwa kimekufa. Baba alifariki 2022. Mama akakaa eda yake juu, miezi minne na siku kumi, na hata eda ilipokwisha hakushuka tena kuketi chini. Magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, na huku chini hapakuwa na pa kukaa. Tukawa tunatupia vitu: friji bovu, vitanda viwili vya kamba visivyo na kamba, makopo ya rangi, mabati. Watoto wangu wawili hawakujua kama nyumba ya bibi yao ina kiwanda. Walijua ngazi, na ngazi zetu ni za mawe, zimesimama wima, na hazina pa kushika. Kila nilipowaacha pale nilikuwa roho juu.

Kuta nazo zilikuwa balaa. Miaka michache nyuma fundi mmoja alipewa kazi akapiga plasta ya simenti kuta tatu. Ilipita misimu miwili tu ya upepo wa kusi. Plasta ikavimba, ukiigonga kwa kidole inalia uwazi, halafu ikaanza kuanguka kwa mabamba. Nyuma yake mawe yamelowa chepechepe na chumvi imetoka nje, nyeupe, laini, ukiigusa inabaki kidoleni kama unga wa sima.

Desemba tukaanza. Nitaeleza kidogo kidogo, niulizeni.

#2 Mdau wa Malindi

Hongera dada. Ila huo si ubaya wa simenti, ni ubaya wa fundi. Mimi nina ua mkubwa huku Malindi, ukuta wote simenti, mwaka wa sita haujapasuka. Chokaa ni kazi ya wazee, bei juu na muda mrefu. Kwa nini usipige simenti yenye dawa ya kuzuia maji ukamaliza?

#3 Mwenye uzi

Kaka, ukuta wako bila shaka ni wa matofali yaliyojengwa kwa simenti, na una msingi wenye kinga. Huo na simenti ni ndugu. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake zaidi ya nusu mita, na chini yake hakuna kinga yoyote. Unanyonya maji ya ardhini, na maji hayo yana chumvi. Ukuta kama huo lazima upumue. Chokaa ina vitundu vidogo mno, unyevu unapita unatoka nje, ukuta unakauka wenyewe. Simenti inaziba. Unyevu ukikosa njia unapanda juu, na chumvi ikikaukia nyuma ya plasta inakua na kuisukuma mpaka inabanduka. Hiyo dawa ya kuzuia maji ingefunga mlango kabisa, na miaka michache baadaye ungekuta jiwe lenyewe linamomonyoka.

Fundi wa pili, mzee ambaye mikono yake imeota sugu za mwiko, alinionyesha kwa vitendo. Alibandua bamba la simenti, akaniambia niweke kiganja ukutani. Baridi, maji. Akanipeleka chumba cha ndani ambako chokaa ya zamani haijaguswa, nikaweka kiganja. Kavu. Nyumba ile ile, mvua ile ile. Sikuhitaji maneno mengine.

Halafu kuna jambo la ruhusa. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001. Mimi nilianzia ofisi ya Makumbusho kabla sijang'oa hata bamba moja, na sijuti. Ushauri wa chokaa nilioupata pale ulinifaa kuliko wa watu wengi.

#4 Mdau wa Unguja

Mashallah. Huku kwetu Mji Mkongwe ni kilio hicho hicho, watu wanaziba nyumba za mawe kwa simenti kisha wanashangaa. Umalizio umepiga neru? Na chokaa umeipata wapi, bado inachomwa huko?

#5 Mwenye uzi

Bado inachomwa, alhamdulillahi, ingawa si kama zamani. Kuni zinapangwa duara, mawe ya matumbawe yanawekwa juu, tanuu linawashwa linaachwa liwake. Mawe yakishaiva yanamwagiwa maji, yanachemka na kupasuka yenyewe mpaka yanakuwa unga. Chokaa ikikaa na maji muda mrefu ndivyo inavyokuwa laini. Hiyo tuliyoinunua ilikuwa imeshalala miezi, ukiibonyeza inakaa kama samli.

Vipimo vyetu vilikuwa chokaa moja kwa mchanga tatu kwa mkono wa kwanza. Mchanga usiwe wa pwani. Una chumvi, utairudisha chumvi ukutani kwa pesa yako mwenyewe. Vyote vililetwa kwa punda, shogi kwa shogi, maana kichochoro chetu hakipitishi hata mkokoteni. Mwenye punda alinihesabia safari ishirini na nane.

Kazi yenyewe: kwanza simenti yote ilibanduliwa, kuta zikaachwa uchi wiki tatu zikauke. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa, wanaona fundi anakula siku bure. Usimharakishe. Chumvi inatoka, unaifagia kwa brashi kavu, inatoka tena, unaifagia. Ikipungua ndipo chokaa inaanza, tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa kaskazi jua ni kali na upepo mkavu, chokaa ikikauka haraka inapasuka. Kila asubuhi na kila alasiri tulilowesha magunia tukayatundika mbele ya ukuta. Mume wangu akitoka baharini, kabla hata ya kunywa chai, analowesha magunia. Umalizio ndiyo neru yenu, sisi huita chokaa tu, inasuguliwa kwa jiwe laini hadi ing'ae.

Zidaka mbili, yale matundu ya rafu ndani ya ukuta, zilizokuwa zimezibwa na simenti tumezifungua. Moja ilikuwa na nakshi chini yake, mistari ya majani iliyochongwa kwenye plasta, nusu imekufa, nusu nzima. Tuliiacha vivyo hivyo. Mama alipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema neno.

#6 Mdau wa Langoni

Mwalimu, hongera sana, nimepita pale nimeona. Swali langu ni la birika, lile tangi la maji la kiwandani. Nimesikia mmelirudisha. Mimi ninafanya kazi ya afya ya jamii na maji ya kusimama yananitia hofu. Tusisahau 2004.

#7 Mwenye uzi

Hofu yako ni yangu pia, na nakushukuru kuitaja. Mimi 2004 nilikuwa shule ya msingi. Chikungunya iliingia mji huu ikawaangusha watu nyumba kwa nyumba, wazee na vijana wanatembea wamejikunja, wengine wanashika ukuta ili wafike msikitini. Ulikuwa wakati wa ukame, watu wamehifadhi maji kwenye mitungi na mapipa wakayaacha siku nyingi, mbu wakazaliana ndani ya nyumba zetu wenyewe. Mbu wale wanapenda maji safi na wanauma mchana, chandarua cha usiku hakitoshi.

Kwa hiyo tumefanya walivyofanya wa kale. Birika letu lina samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Fundi alipolisafisha alikuta chini, katikati ya sakafu yake, bakuli la kaure limejengewa humo humo, la buluu na nyeupe, mdomo wake uko sawa na sakafu. Maji yakipungua samaki hukusanyika ndani ya bakuli wakabaki hai mpaka birika lijazwe tena. Bakuli lina ufa mmoja tu. Sasa samaki ni kumi na wanne, na mwanangu wa kwanza anawahesabu kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni, yaani madrasa. Juu tumeweka wavu wa mbao unaofungwa kwa komeo kwa ajili ya mtoto mdogo. Vyungu vya maua havina visahani chini, maji yanapita yanaishia mtaroni. Njoo ukague siku yoyote, utatupa moyo.

Niongeze na kivuli, maana wengi wameniuliza kwa simu. Hatukuezeka. Ukiezeka kiwanda umekiua mara ya pili. Mume wangu alikuwa na tanga kuukuu la mashua, la pamba, limeshonwa viraka mara nyingi. Tumelifunga kwa kamba pembe tatu, kwenye boriti zinazotokeza ukutani. Saa nne asubuhi linavutwa, saa kumi linakunjwa. Chini yake jua linapita kama maziwa yaliyotiwa maji, joto la Februari linakatika, na likikunjwa upepo unashuka moja kwa moja.

Mimea: miasumini miwili, mrehani, na mkomamanga mmoja kwenye pipa lililokatwa. Nilitaka na mkilua, mama akasema mahali ni padogo, nikamsikiliza. Asumini inafunguka baada ya Maghrib. Mama anachuma, anaweka ndani ya sahani ya maji, na siku ya Ijumaa anafunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua, kwa rehani, kama nilivyomwona akifanya nikiwa mdogo. Sikuwa nimekiona kikuba mkononi mwake tangu baba aondoke.

#8 Mdau wa Nairobi, mzaliwa wa Pate

Dada umenitoa machozi hapo kwa vikuba. Na boriti za mikoko je? Mlipata mpya? Tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 mimi sikufuatilia tena. Halafu usituache, chakula cha Shela kiko wapi?

#9 Mwenye uzi

Boriti hatukubadilisha hata moja kiwandani, tulihitaji mbili tu kwa dari ya msana, kile chumba kirefu cha kando ya kiwanda, na tumezitoa kwenye nyumba ya mjomba iliyokuwa imeanguka. Za zamani zile ni chuma. Mikoko mingi ya Kenya iko kwetu huku Lamu, zaidi ya nusu, tuitumie kwa huruma.

Sasa chakula.

Tulifunga nikahi mwanzoni mwa Machi 2020. Mume wangu aliniahidi kwamba mwisho wa mwezi, wageni wakishaondoka, atanipeleka Shela tule mezani kando ya maji, sisi wawili tu. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Ilidumu mpaka Oktoba 2021, na kufikia hapo nilikuwa na mtoto wa miezi minane. Halafu baba akaugua. Halafu msiba. Mwaka wa 2023 tulijaribu, tukafika mahali tulipokuwa tumeagiza meza siku mbili kabla, tukaambiwa jiko limefungwa na meza yetu wamekaa watu wengine. Nilirudi kwenye boti nimevaa buibui langu jipya, nikanyamaza njia nzima. Kisha mtoto wa pili.

Kilichotuzuia miaka hii ya karibuni hakikuwa pesa. Hapakuwa na wa kuwaachia watoto usiku. Mama yuko tayari siku zote, lakini juu, na magoti yale, na zile ngazi, mtoto akikimbia hawezi kumfuata. Singeweza kula nikijua hivyo.

Kiwanda kilipokamilika mama alihamia chini. Tulimwekea kitanda msana wa chini, hatua sita kutoka kiwandani, hakuna ngazi hata moja. Mlango wa tekani ukifungwa watoto hawana pa kwenda. Wiki ya pili akaniita, amekaa juu ya mkeka na mgongo umeegemea ukuta wa chokaa, akaniambia kwa Kiamu chetu, ambamo "ndoo" ni njoo: "Mwanangu, ndoo uketi. Yua limetua, mbona hamtoki wewe na mumeo? Watoto n'nao mimi." Nikasema tutaona. Akasema, "Nendani kabula ya mfungo."

Basi tukaenda vunja jungu, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uandame. Bamvua hiyo. Tulitoka gatini baada ya alasiri, maji yamejaa yanapiga ukuta wa pwani, kwa miguu usingepita bila kulowa, tukachukua boti. Mume wangu, ambaye maisha yake yote yako baharini, alikaa mbele kama abiria na mikono amekunja magotini, kanzu nyeupe, kofia ile ya vito aliyoivaa siku ya nikahi. Sijamwona akikaa ndani ya chombo bila kushika kitu.

Tuliswali Maghrib Shela, yeye Msikiti wa Ijumaa, ule uliojengwa 1829, mimi kwa shangazi yangu jirani. Kisha tukateremka kwenye mkahawa. Meza ilikuwepo. Jina letu lilikuwepo, limeandikwa kwa chaki kwenye ubao mdogo. Kijana aliyetupokea alimwita mume wangu "mzee" na mimi "mama", akavuta kiti.

Tulianza na kaa, wamechemshwa kwa kitunguu saumu na pilipili manga, wanaletwa na jiwe la kuvunjia gando. Halafu tewa wa kupaka. Niseme hapa kidogo kwa sababu samaki wa kupaka ninampika mwenyewe na najua pa kuangalia. Samaki alikuwa amechomwa kwanza kwa makaa, ngozi imekauka bila kuungua. Tui lilikuwa zito, lina ukwaju na bizari, limepakwa, likarudishwa motoni, likapakwa tena, mpaka limeshika nyama na kutoa mafuta pembeni. Halikukatika. Tui likikatika linakuwa chengachenga na ladha inaachana. Hili lilikuwa kitu kimoja na samaki. Nilimwomba kijana anipelekee salamu kwa mpishi, mpishi akatoka mwenyewe, mama wa makamo kutoka Siyu, akanieleza kwamba tui la kwanza halichemshi kamwe, analipaka likiwa bichi na kuacha makaa yafanye kazi. Jana nimejaribu. Ni kweli.

Wali wa nazi, achari ya embe, maji ya ukwaju yenye barafu. Mwishoni kahawa tungu na kipande cha halwa.

Hatukuzungumza mambo makubwa. Tulizungumza juu ya baba, ambaye angepapenda pale. Tulizungumza juu ya mashua inayotaka mbao mpya ubavuni na Matondoni nani ataifanya vizuri. Wakati mmoja alinyamaza akaniangalia, akasema, "Miaka sita." Nikasema, "Miaka sita." Basi.

Saa nne usiku maji yalikuwa yameshatoka. Tukarudi kwa miguu juu ya mchanga mgumu, viatu mkononi, hakuna mwezi, nyota zimejaa mpaka upande wa Manda. Tulipofungua mlango wa tekani harufu ya asumini ilitupokea kabla ya taa. Wote watatu walikuwa wamelala mkekani, mama katikati, mdogo ameshika ncha ya leso yake. Kandili bado inawaka kwenye kile kidaka chenye nakshi. Hatukuwaamsha. Tulileta mito, tukalala kando yao kiwandani mpaka adhana ya alfajiri.

#10 Mdau wa Malindi

Nimesoma mara mbili. Nafuta niliyosema kuhusu chokaa, kwa nyumba kama yenu uko sawa. Bibi yangu hapa Shela ya Malindi ana nyumba ya mawe ya zamani, ukuta wa nyuma una plasta ya simenti na unalia uwazi kama ulivyoeleza. Nianze wapi? Na vipandikizi vya asumini unaweza kunitumia?

#11 Mdau wa Langoni

Nimekagua birika leo. Viluwiluwi sifuri. Nimeomba ruhusa kwa mama niwalete vijana wetu wa afya waone lile bakuli, amekubali na amesema watakunywa chai.

#12 Mwenye uzi

Ahsante sana dada, nimemkuta mama ameshaanza kuulizia mahamri ya wageni.

Kaka wa Malindi, anza kwa kugonga ukuta wote kwa kidole na kuweka alama ya penseli kila panapolia uwazi. Bandua hapo tu kwanza, usiguse palipo pazima mpaka fundi wa chokaa apaone. Usianze sasa, masika yako mlangoni, ukuta hautakauka. Ngoja mvua ziishe. Vipandikizi vya asumini vitano nimeshavikata na kuvifunga kwa kitambaa chenye maji, vinasafiri kwa basi la Jumatatu. Vioteshe kwenye kivuli wiki mbili, jua la asubuhi tu. Mimi nitarudi hapa kusi likishapiga vizuri kuwaeleza kuta zimekuwaje.